Kigari cha gofu kinachochoka mlimani

SWALI: Kigari chetu cha kubebea wageni hotelini, cha volti 48, kinachajiwa usiku kucha lakini kikikuta kimlima kinazubaa. Fundi anasema nibadilishe betri moja. Nimsikilize?

JIBU: Subiri kwanza. Safisha vichwa vya betri, kaza nyaya, chaji mpaka ijae, kisha kiache kitulie saa kadhaa. Hapo pima kila betri peke yake. Kama ni 6 za volti 8, nzima itasoma karibu 8.5.

Ila betri mbovu ikitulia hudanganya mita. Chukua haidromita, uvute maji ya kila chumba: 1.265 hadi 1.280 ni chaji kamili. Chumba kikiachana na wenzake kwa 0.050, mgonjwa umempata.

Seti ikiwa changa, badilisha hiyo moja. Ikiwa na miaka mitano, nunua zote sita: zimeungwa kwa mfululizo, na mpya itaburutwa na vikongwe.

Kabla ya kufungua, vua pete, vaa miwani, piga picha ya nyaya, anza na hasi. Betri za kuongeza maji zinataka maji safi yaliyotoneshwa. Muuzaji akikupa tindikali na kuiita “maji ya betri”, mrudishie.