SOMO LA KIKUNDI: KABLA DUKA LA POMBE HALIJAFUNGULIWA SOKONI

Lengo la somo: Kila mwanachama aelewe leseni ya kuuza pombe ya kubeba hutolewa namna gani, na wananchi wana nafasi gani ya kusema kabla haijatolewa.

Muda: Saa moja na nusu. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Simameni penye maswali mjadiliane.

1. Kisa cha kuanzia

Tuseme kikundi chenu kimejenga vyumba vinne vya kukodisha pale sokoni. Vitatu vina wapangaji: fundi cherehani, kinyozi, na mama anayeuza nafaka. Cha nne kimekaa tupu miezi mitano. Sasa anakuja kijana mmoja mwenye adabu. Anataka kuuza bia na waini, za kubeba tu, hakuna mtu kukaa pale kunywa. Kodi atalipa mara mbili ya wengine.

Mweka hazina anafurahi, maana deni la mabati halijaisha. Lakini mama mmoja anauliza, "Na hawa watoto wanaopita pale kwenda shule?" Mkutano unagawanyika.

Jadilianeni: Kama ni ninyi, mngemjibu nini huyo kijana? Na mwenye kuamua ni nani: ni kikundi, ni chifu, au ni serikali?

2. Sheria inasemaje?

Watu wengi hufikiri leseni ya pombe ni maneno ya wakubwa huko ofisini. Sivyo.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilianza kutumika Novemba 2010. Wengi huiita "sheria ya Mututho", kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeipeleka bungeni. Sheria hiyo inakataza mtu yeyote kuuza kileo bila leseni. Halafu Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za pombe. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, nyingi zilitunga sheria zao. Kwa hiyo ada, saa za kuuza na masharti mengine si sawa kila mahali. Ulizeni ya kaunti yenu.

Haya ndiyo mambo ya msingi:

(a) Leseni ya kawaida ya biashara haitoshi. Mtu anayeuza sukari na sabuni kwa leseni ya duka hawezi kuongeza kreti ya bia pembeni. Lazima apate leseni ya vileo.

(b) Leseni ni za aina mbalimbali. Kuna ya baa, ambapo watu hukaa wakanywa. Kuna ya duka la kubeba, ambapo mteja hununua chupa akaenda nayo. Mwenye leseni ya kubeba akiweka benchi, akafungulia watu chupa pale pale, amevunja masharti ya leseni yake.

(c) Leseni huisha baada ya miezi 12. Mwenye duka lazima aombe tena. Basi duka likileta matatizo mwaka huu, wananchi wana nafasi ya kusema wakati anapoomba upya.

(d) Leseni ibandikwe dukani mahali pa kuonekana. Mkiingia na hamuioni, mna haki ya kuuliza.

(e) Watoto. Sheria ya 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama anasema ametumwa na baba. Pia haruhusiwi kuajiriwa kuiuza. Julai 2025 serikali ilitoa sera inayopendekeza umri upandishwe hadi miaka 21. Sera peke yake haibadilishi sheria.

(f) Shule. Sheria ya 2010 inataka nyumba mpya ya kunywea pombe iwe mbali na shule, kuanzia ya chekechea, kwa mita 300 au zaidi. Angalieni jambo hili vizuri: kipimo hicho kiliwekwa kwa mahali ambapo watu hunywa pale pale. Hapo ndipo ujanja huingia. Mtu huomba leseni ya kubeba karibu na shule, baada ya miezi miwili viti vinatokea nyuma ya duka. Kwa duka la kubeba, ulizeni kaunti yenu imeweka umbali gani.

3. Nafasi yetu ya kusema

Mtu akiomba leseni mpya, kamati ya leseni ya kaunti ndogo haimpi siku hiyo hiyo. Kwa utaratibu wa sheria ya 2010, majina ya waombaji na mahali pa maduka yao hutangazwa kwa siku zisizopungua 21. Tangazo hutaja pia siku na mahali pa mkutano wa kamati. Katika siku hizo mwananchi yeyote anaweza kupinga.

Lakini kupinga si kupiga kelele kwa baraza. Fanyeni hivi:

- Mtu mmoja apewe kazi ya kusoma matangazo katika ofisi ya chifu na ya kaunti ndogo kila wiki.
- Andikeni barua kwa kamati.
- Mpeni mwombaji nakala siku 7 au zaidi kabla ya kusikizwa, na mwekeni sahihi kwamba ameipokea. Msipoweza kuonyesha kwamba aliipata, barua yenu inaweza kuwekwa kando.
- Nendeni siku ya mkutano, msitume barua peke yake.

Mfano wa barua:

"Kwa Kamati ya Leseni za Vileo, Kaunti Ndogo ya ........
Sisi kikundi cha ........ tunapinga ombi la leseni la ........ kwa duka katika ploti nambari ........, soko la ........ Sababu zetu ni: (1) ........ (2) ........ Mwombaji amepewa nakala tarehe ........ Tutafika siku ya kusikizwa."

Sababu ziwe za kupimika. "Hatumpendi" si sababu. "Mlango uko mita 120 kutoka lango la shule" ni sababu. Kipimo ni rahisi: chukueni kamba ya mita 10. Mara 30 ni mita 300.

4. Na yule anayetaka kuuza?

Biashara hii ni halali mtu akifuata sheria, na mwanachama wa kikundi anaweza kuwa ndiye mwombaji. Asilipie mzigo kabla ya leseni kutoka. Asipokee pombe isiyo na stempu ya ushuru ya KRA. Alama ya ubora pia huchunguzwa kwa simu: andika SM#, halafu nambari iliyo chini ya alama, tuma kwa 20023. Jambo hili si dogo. Februari 2024 huko Kirinyaga, watu zaidi ya 10 walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu.

Kikundi kikimkodishia mtu chumba, andikianeni mkataba: hakuna kufungua kabla ya leseni, hakuna viti, na akivunja anatoka.

5. Maswali ya kujadiliana

1. Rudini kwa kile kisa. Kodi mara mbili inatulipa nini, na inatugharimu nini?
2. Katika soko letu kuna maduka mangapi ya pombe? Mangapi yana leseni ukutani?
3. Lipo duka la kubeba lililogeuka baa? Leseni yake inaisha lini?

Kazi ya kikundi: Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wapime kwa kamba kutoka lango la shule hadi sokoni. Wawili wengine waende ofisi ya kaunti ndogo waulize kamati itakaa lini, na sheria ya kaunti inasema nini juu ya duka la kubeba. Walete majibu kwa maandishi, yasomwe mbele ya wote.