Neno «Saa»: Chombo, Muda na Wakati

Tuanze na agizo ambalo laweza kuandikwa juu ya bahasha ya dawa: Meza kidonge kimoja kila saa nane. Mgonjwa wa kwanza atameza vidonge vitatu kwa siku. Wa pili atangoja saa nane mchana, ameze kimoja, kisha asubiri hadi kesho yake. Wote wawili wamesoma Kiswahili sahihi. Aliyekosea ni mwandishi.

Neno saa limetoka katika Kiarabu, nalo hutaja chombo cha kupimia wakati, muda wa dakika 60, na pia wakati maalumu katika siku. Limo katika ngeli ya I-/ZI-, hivyo umbo lake halibadiliki katika wingi. Kinachotusaidia kupambanua maana ni upatanisho wa kisarufi:

Saa nane imefika, tuingie darasani.
Saa nane zimepita tangu basi liondoke.
Saa nane zimeharibika, fundi amezichukua.

Katika sentensi ya kwanza, saa nane ni wakati mmoja tu, kwa hiyo kitenzi huchukua i-. Katika ya pili tunahesabu vipindi, na katika ya tatu tunahesabu vyombo. Zote mbili huchukua zi-. Hata hivyo, usiutegemee upatanisho wa kiunganifu, kwani husikika saa mbili ya usiku na pia saa mbili za usiku kwa maana ileile. Wasemaji wengi husema masaa wanapokusudia muda. Kiswahili sanifu hudumisha saa, lakini mwalimu asimcheke mwanafunzi asemaye masaa: anajaribu kuondoa utata uliopo kweli.

Agizo letu la dawa halina kitenzi kinachopatana na saa, ndiyo sababu limepotosha. Lirekebishwe hivi: kila baada ya muda wa saa nane, au, vizuri zaidi, saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku.

Kwa nini basi saa 8:00 za simu tuziite saa mbili? Kwa sababu Kiswahili huhesabu saa za mchana tangu macheo, na za usiku tangu machweo. Karibu na ikweta mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hivyo hesabu hii haiyumbi. Wala si ya Waswahili peke yao. Waganda husema ssaawa bbiri na Wanyarwanda saa mbiri, wote wakiwa na maana ya saa mbili yetu. Warumi wa kale nao waligawa mchana katika saa 12 tangu macheo. Ndiyo maana msomaji wa Injili ya Marko, sura ya 15, akikuta giza la saa sita hadi saa tisa, hahitaji kufafanuliwa kwamba ni adhuhuri hadi alasiri, ilhali msomaji wa Kiingereza huhitaji.

Mwanafunzi aliyezoea hesabu ya Kiingereza au Kifaransa mfundishe kwa saa ya ukutani. Mshale mfupi (baadhi ya kamusi huuita akrabu, neno ambalo kwa Kiarabu ni nge) ukielekea 7, asome namba iliyo mkabala wake, yaani 1: saa moja. Njia hii humwelea mtoto upesi kuliko kujumlisha na kutoa sita.

Jua, hata hivyo, halitii mipaka ya nchi. Rwanda na Burundi zimo nyuma ya Uganda, Kenya na Tanzania kwa saa moja. Mjini Kigali jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili, kama hesabu yetu itakavyo. Mjini Kampala huchelewa hadi karibu na saa moja. Anayevuka mpaka wa Gatuna kuingia Uganda saa tatu asubuhi hukuta upande wa pili saa nne imekwisha kufika. Wanafunzi wa mpakani wataje mji kila wanapotaja saa ya miadi.

Zoezi

1. Eleza maana zote za sentensi: Nilingoja saa tatu. Kisha iandike upya mara mbili, kila mara ikiwa na maana moja tu.
2. Tangazo la mtihani lasema: Mtihani ni saa mbili. Onyesha namna mtahiniwa anavyoweza kupotoka, kisha lisahihishe.
3. Soma kwa Kiswahili: 6:45, 14:30, 23:15.
4. Tunga sentensi mbili zenye saa tano, moja yenye kiambishi i- na nyingine zi-.