Gurudumu la Wilbaro ya Kikundi: Tuchague Lipi?



Somo letu safari hii ni juu ya kitu ambacho wengi hukiona kidogo, yaani gurudumu la wilbaro. Si wilbaro nzima. Karai, miguu na mikono, fundi yeyote wa jua kali anaweza kuvitengeneza, na hata akikosea kidogo kazi itaendelea. Lakini gurudumu likichaguliwa vibaya, wilbaro hulala nyuma ya nyumba na kuku hutaga ndani yake. Hayo nimeyaona katika vikundi vingi, na nyinyi pia mmeyaona. Na wilbaro ikilala, maji hayaachi kutakiwa. Mzigo unarudi pale ulipokuwa: mgongoni mwa mama, ukanda ukimkata kwenye paji la uso, au kwa msichana ambaye saa hiyo angekuwa shuleni.

Kwa hivyo mkikaa kwenye mkutano kupanga pesa za merigoraundi au za mchango, msianze na bei. Anzeni na maswali haya: nani ataisukuma, atapita njia gani, na akipata pancha huko njiani atafanya nini? Kwa kawaida wanaotumwa mjini ni wazee wawili wa kamati, na wanarudi na wilbaro ya kujengea nyumba kwa sababu ndiyo wanayoijua. Kujenga si vibaya. Lakini kama kazi yenyewe ni mitungi ya maji, basi wachotaji wa maji wawepo wakati wa kuchagua, na mmoja wao afike dukani au kwa fundi, ashike mikono ya wilbaro aone.

Kwanza tuelewe wilbaro inavyofanya kazi, maana hapo ndipo watu huangushwa na macho. Uzito wa mzigo unagawanyika: sehemu inabebwa na gurudumu, sehemu na mikono yako. Mzigo ukikaa karibu na gurudumu, mikono inapumzika. Hebu tupige hesabu. Chukua mitungi mitatu ya lita 20, hiyo ni kilo 60 za maji. Kutoka ekseli ya gurudumu mpaka unaposhika ni sentimita 150. Kama katikati ya mzigo ni sentimita 50 kutoka kwa ekseli, mikono inainua kilo 20. Kama fundi ameliweka karai nyuma zaidi, na katikati ya mzigo ni sentimita 75, mikono inainua kilo 30. Maji ni yale yale, mama ni yule yule, lakini kilo 10 zimeongezeka kwa sababu ya mahali karai lilipowekwa. Wachina wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Wilbaro zao nyingi zilikuwa na gurudumu moja kubwa katikati, mzigo umekaa juu yake na ubavuni mwake, na msukumaji kazi yake kubwa ilikuwa kusukuma na kushika isianguke.

Sasa ukubwa. Gurudumu kubwa hupanda jiwe kwa urahisi kuliko dogo. Gurudumu gumu la upana wa sentimita 40 toka juu hadi chini likigonga jiwe la urefu wa sentimita 5, unahitaji kusukuma kwa nguvu inayokaribia tisa ya kumi ya uzito uliolala juu ya gurudumu hilo. Likiwa la sentimita 65, kama la baiskeli, unahitaji kama sita ya kumi. Ndiyo maana kwa njia ya mawe ni afadhali kugeuka na kuivuta wilbaro nyuma yako, kwa sababu ukivuta unainua kidogo, ukisukuma unalikandamiza gurudumu chini. Basi mtu atauliza, si tuweke gurudumu la baiskeli? Wengine wamejaribu. Spoku za baiskeli zina nguvu kwa uzito wa kutoka juu, lakini wilbaro inalala upande kila mara, na hapo rimu inapinda kama chapati. Tena gurudumu kubwa linasukuma karai nyuma au juu, na ile hesabu ya kilo 30 inarudi. Mimi kwa maoni yangu, kama mnataka gurudumu kubwa, tengenezeni mkokoteni wa magurudumu mawili. Kwa wilbaro ya gurudumu moja, sentimita 40 hivi inatosha.

Halafu linakuja lile swali linaloleta kelele kwenye mikutano: upepo au mpira mtupu?

Tairi ya upepo ina faida kubwa. Inalimeza jiwe dogo badala ya kulipanda, na kwenye mchanga au matope haizami upesi kwa sababu inatanuka chini. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, aliitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake na kuiandikisha mwaka 1888, ingawa Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa ameandikisha wazo hilo tangu 1845. Ubaya wake mnaujua: miiba. Mahali pa migunga, tairi nyembamba ya wilbaro inaweza kutobolewa kabla hata ya kufika mtoni.

Gurudumu la mpira mtupu halina pancha. Siku zote liko tayari. Lakini ni gumu, kila shimo linapanda hadi mabegani, maji yanamwagika, na kwenye mchanga linakata njia kama jembe. Lile la chuma kitupu nalo ni la karakana yenye sakafu ya simiti. Msilipeleke mtoni.

Hata wanaojitengenezea ndege ndogo nyumbani, huko Marekani na kwingineko, wanabishana juu ya jambo hili hili. Ndege kama Super Cub ina magurudumu mawili mbele na kagurudumu kadogo mkiani, na mwenye kuitengeneza lazima achague kama ka mkiani kawe ka mpira mtupu au ka upepo. Anayetua kwenye lami huridhika na mpira mtupu, maana hauna pancha na hauhitaji kutunzwa sana. Anayetua kwenye nyasi na udongo laini hutaka kakubwa ka upepo, lisije likazama na kuvuta mkia. Kumbe hata kwa ndege ardhi ndiyo inayoamua, wala si fahari ya mwenye nayo.

Kwetu sisi ninafikiri hivi. Kama njia yenu ni ya mchanga au matope, chukueni ya upepo na mjipange kwa pancha. Kama ni udongo mgumu uliojaa miiba, na safari ni fupi, mpira mtupu ni sawa. Na kama ni miiba na mchanga pamoja, kama ilivyo sehemu nyingi za ukame, iko njia ya tatu. Angalieni ubavuni mwa tairi ya wilbaro. Mara nyingi imeandikwa 4.00-8, maana yake tairi ina upana wa inchi 4 na inakaa kwenye rimu ya inchi 8. Sasa nendeni mkaangalie tairi za tuktuk. Nyingi zimeandikwa namba hiyo hiyo! Tairi ya tuktuk ni nene zaidi kwa sababu imetengenezwa kubeba abiria. Iliyochakaa kwa barabara bado ina nyama ya kutosha kuzuia miiba mingi, na tubu yake ni ya kipimo hicho hicho. Wilbaro itakuwa nzito kidogo, hilo ni kweli. Lakini kabla ya kununua, ingiza mkono ndani upapase pole pole, msije mkanunua tairi yenye mwiba au msumari uliovunjikia humo, na iwe na nafasi ya kuzunguka katikati ya mbao au vyuma vya wilbaro bila kugusa.

Watu wakimaliza tairi hudhani wamemaliza. Bado kuna tumbo la gurudumu, pale linapozungukia ekseli. Wilbaro za bei rahisi zina kipande cha bomba tu kinachozunguka juu ya bolti. Kikipata grisi kila wiki kinadumu. Kikikosa, vumbi linakisaga, tundu linakuwa kubwa, gurudumu linayumba kama mlevi. Dawa ni beringi. Kila beringi ina namba ubavuni: 6202 tundu lake ni milimita 15, 6203 ni milimita 17, 6204 ni milimita 20. Mwambieni fundi atafute chuma cha ekseli kinachoingia kwenye tundu hilo barabara, asilazimishe kwa nyundo. Na kama kuna herufi 2RS baada ya namba, beringi hiyo imefunikwa kwa mpira pande zote mbili, vumbi haliingii upesi. Kwa njia zetu hiyo ndiyo ya kununua, hata ikizidi bei kidogo.

Mkikosa beringi kabisa, mbao inaweza kuwasaidia. Chukueni kipande cha mti mgumu mnaotumia kwa mchi au mpini, kikauke vizuri, kitobolewe kwa kipimo cha ekseli. Kisha kitumbukizeni kwenye oili iliyopashwa moto, mpaka mapovu yakome kutoka. Mapovu hayo ni hewa na maji vinavyotoka ndani ya mti. Kiacheni kipoe humo humo ili oili iingie mahali pake. Moto uwe mdogo, nje, mbali na nyumba na watoto, na msimwagie maji ikishika moto. Funikeni kwa bati.

Kuna hatari moja ambayo siwezi kuipita. Rimu nyingi za wilbaro ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Usifungue bolti hizo kama upepo bado umo ndani. Toa upepo wote kwanza, ondoa kichwa cha valvu, bonyeza tairi uhakikishe imelala. Rimu hiyo ikifunguka na upepo ndani, inaruka na inaweza kuvunja mkono au uso. Pia msijaze kwa mashine ya petroli stesheni bila kipimo, maana tairi ndogo inajaa kwa nukta chache tu na kupasuka. Pampu ya mkono inatosha, na kiasi kisizidi kile kilichoandikwa ubavuni.

Hiyo pampu yenyewe itakaa kwa nani? Ikikaa kwa mwenyekiti anayeishi ng'ambo ya mto, ni kama haipo. Iwekwe kwa nyumba iliyo karibu na njia ya maji, pamoja na viraka, gundi, sandipepa na tubu moja ya akiba, na mama wawili au vijana wawili wafundishwe kuziba pancha wenyewe. Pesa ya vitu hivi ihesabiwe siku ile ile ya kununua wilbaro, isiwe mchango mwingine baadaye, kwa sababu mchango wa baadaye tunaujua unavyochelewa.

Kwa mkutano wenu ujao, leteni wilbaro zote zilizo kijijini, nzima na zilizokufa. Zigeuzeni juu chini, mzungushe kila gurudumu, mlisukume kwa upande kuona kama linayumba, msome namba za tairi na za beringi. Kwa kila iliyokufa ulizeni: iliacha kufanya kazi mwezi gani, ni kitu gani kiliharibika kwanza, na kingegharimu pesa ngapi kutengeneza wakati huo? Katibu aandike majibu. Halafu kina mama wajaze mitungi mitatu, waisukume ile iliyo nzima mpaka mtoni na kurudi, na wazee wajaribu pia, bila kusaidiwa. Baada ya hapo ndipo mkae mzungumze bei.