Somo: Kupima Ukali wa Maji katika Majaruba ya Chumvi

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Katika chama kimoja nilichokikagua, mnunuzi alikataa magunia kwa kuwa chumvi ilikuwa chungu na yenye kurowa. Daftari la vipimo lilikuwa safi kabisa. Kosa lilikuwa saa ya kupimia.

Maji ya bahari huwa na takriban digrii 3.5 za Baumé. Chumvi huanza kuganda yafikapo 25.5. Yakikaribia 29, maji yaliyosalia hayana budi kumwagwa, maana yamejaa chumvi za magnesiamu, nazo ndizo ziletazo uchungu na unyevu.

Haidromita hupima uzito wa maji, wala haionji chumvi. Maji yakipata joto hupungua uzito, chombo huzama zaidi, na kipimo husomeka pungufu. Joto likizidi kwa digrii 15 za sentigredi, upungufu hupita nusu digrii ya Baumé. Hivyo mpimaji wa saa nane mchana husoma 28.5 akangoja, ilhali uchungu umekwisha kuingia. Basi pimeni asubuhi na mapema, siku zote saa ile ile. Baada ya mvua msichote juu, kwani maji ya mvua huelea. Choteni karibu na sakafu. Joto la maji nalo liandikwe daftarini, kando ya kipimo.