Chekechea za hisani: Mfadhili akiondoka, nani atapika uji?

Si kila chekechea katika kaunti ilianzishwa na serikali. Nyingine zilianza kwa mama aliyewakusanya watoto wa majirani barazani pake, kanisa lililotoa ukumbi, msikiti uliotoa chumba, au mgeni aliyeguswa moyo akaacha fedha za mabati. Watoto wa miaka minne na mitano ambao wazazi wao hawawezi karo ya shule za binafsi, na ambao kituo cha umma kiko mbali mno kwa miguu yao, hupata hapo kikombe cha uji na mwalimu anayewajua kwa majina.

Kazi hiyo ni ya heshima. Hata hivyo, shule za namna hii ndizo zilizo katika hatari ya kufungwa ghafla katikati ya muhula, na mtoto anayerudishwa nyumbani hapotezi masomo pekee. Anapoteza pia mlo ambao huenda ndio wake wa kwanza siku hiyo. Kwa sababu hiyo, mkazi anayeendesha chekechea ya hisani, au anayefikiria kuifungua, anafaa kuelewa mambo kadhaa mapema.

La kwanza ni la kisheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, pamoja na haki ya lishe, makao na matibabu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo hairuhusu mtu yeyote kutoa elimu hiyo bila taasisi yake kusajiliwa. Nia njema haiondoi sharti hilo. Wapo wanaoogopa usajili wakidhani afisa anakuja kufunga shule. Shule isiyojulikana na serikali ndiyo iliyo hatarini zaidi, kwa sababu haihesabiwi wakati wa kupanga huduma na haina pa kulilia inapokwama.

La pili ni swali la nani mwenye shule. Hapa kuna mfano wa karibu unaofaa kusomwa na kila mhisani. Mnamo 1986, huko Mombasa, Wakfu wa Aga Khan ulianzisha mradi wa chekechea baada ya wazee wa jamii za Kiislamu za Pwani kulalamika kwamba watoto wao walikuwa wakibaki nyuma walipoingia shule ya msingi. Mwalimu Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waliouongoza tangu mwanzo. Mradi huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na baadaye ukawa na zaidi ya shule 200 katika nchi hizo tatu.

Jambo la kujifunza ni jinsi shule hizo zilivyoanzishwa. Mradi haukuja na jengo lililokamilika. Jamii ndiyo iliyoomba, ikatoa mahali, ikachagua kamati yake na kupendekeza wanawake wa mtaani wafunzwe ualimu. Vifaa vya darasani vilitengenezwa kwa vitu vilivyo karibu kama vifuu vya nazi, makombe, vifuniko vya chupa na mbegu. Wakufunzi waliisimamia kila shule kwa miaka kadhaa, kisha shule iliyotimiza masharti ikafanyiwa mahafali kama mwanafunzi na kuachwa isimame. Siku ya kuondoka kwa msaada ilijulikana tangu siku ya kwanza.

Fedha nazo zilifikiriwa. Mchango wa jamii uliunganishwa na wa mfadhili, ukawekezwa, na faida yake ikasaidia kuongezea walimu mshahara. Faida hiyo ilifidia sehemu tu ya gharama, kwa hivyo ada ya wazazi haikuweza kuachwa. Watafiti walipowapima watoto, waliosoma chekechea walionyesha maendeleo kuliko waliobaki nyumbani.

Sasa tuhesabu kwa mfano wa kubuni. Shule ina watoto 60. Walimu wawili wanalipwa shilingi 15,000 kila mmoja, na mpishi 10,000. Uji ukigharimu shilingi 15 kwa mtoto kwa siku, siku 20 za masomo ni shilingi 18,000. Jumla kwa mwezi ni 58,000, kabla ya maji, kuni na chaki. Wazazi 40 wakimudu shilingi 300 kila mmoja, kunapatikana 12,000. Pengo ni 46,000, na kwa muhula wa miezi mitatu ni 138,000. Kamati isiyoijua hesabu yake ya namna hii haiwezi kujua mfadhili anabeba nini hasa. Akiba ya kumaliza angalau muhula mmoja ingefaa kutengwa kabla ya kupaka kuta rangi. Harambee hujenga darasa kwa siku moja, lakini mshahara hurudi kila mwisho wa mwezi.

Mwalimu asiyelipwa kwa miezi mitatu huondoka, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Mwalimu huyo anafaa awe amefunzwa na kusajiliwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, na afuate mtaala ulioidhinishwa wa PP1 na PP2. Mtaala huo unajengwa juu ya kucheza, kuimba, kusimulia na kushika vitu, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Baadhi ya wazazi husukuma watoto wapewe mitihani na kazi nyingi za nyumbani wakiamini ndiyo elimu. Kamati iwaeleze taratibu, bila kuwadharau.

Kwa upande wa afya, chekechea ni mahali rahisi pa kuwafikia watoto. Wakati wa Malezi Bora, Mei na Novemba, wahudumu hutoa vitamini A kwa watoto walio chini ya miaka mitano, na dawa za minyoo hutolewa pia kupitia shule. Mwalimu mkuu azungumze na mhudumu wa afya wa jamii ili watoto wake wasirukwe. Azungumze pia na wazazi kuhusu cheti cha kuzaliwa mapema, kwani ukosefu wake huwasumbua watoto wengi wanapojiunga na Gredi ya 1.

Kuna jambo ambalo wahisani hulikosea kwa wema. Mtoto hana kwao salama, basi analazwa shuleni, kisha wanakuwa watano, kisha kumi. Hapo chekechea imegeuka makao ya watoto, na sheria yake ni nyingine kabisa. Usajili wa makao mapya ulisimamishwa na serikali ya kitaifa mnamo Novemba 2017. Mtoto wa aina hiyo apelekwe kwa afisa wa watoto au chifu.

Picha za watoto zinazotumiwa kuombea fedha pia zina sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi. Mtoto asipigwe picha akilia au akiwa nusu uchi ili mfadhili ahurumie. Atakua, na picha hiyo bado itakuwapo.

Anayetaka kusajili aanzie kwa afisa wa elimu ya chekechea katika wadi yake. Abebe majina ya wanakamati, uthibitisho wa umiliki au makubaliano ya kutumia uwanja, vyeti vya walimu na orodha ya watoto kwa umri. Afisa wa afya ya umma atakuja kukagua vyoo, maji na jikoni, na mkaguzi wa ubora atatazama madarasa. Kikiwapo kipengele kilichokosekana, mwombaji aombe aandikiwe ni kipi na apewe muda gani wa kukirekebisha.