SOMO LA FIZIKIA: KINGA KATIKA NJIA YA MSITU



Kila mtu anajua kinga (wengine wanasema baisikeli). Katika mji wa Kisangani, kinga ya kubeba watu ilipewa jina toleka, ni kusema kwa Lingala: tupite. Lakini leo tunataka kusema juu ya wale wanaokwenda mbali na mzigo, siku nyingi ndani ya msitu. Vijana wengine wa masomo wanaingia kazi hiyo wakati wa likizo kwa kutafuta minervali. Tuipime kwa hesabu, tuone nguvu zao zinapotelea wapi.

1. Njia yenyewe

Tuchukue mfano wa Ubundu mpaka Kisangani. Hapo mto una maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu, na mashua haziwezi kupita. Ndiyo sababu reli ilijengwa, nayo ilifunguliwa mwaka 1906. Urefu wake ni km 125. Treni ikikosekana, mtu anabaki na miguu yake, pikipiki kama ana feza, ao kinga. Wakati wa vita, 1998 mpaka 2003, watu wa kinga walisaidia sana kulisha miji yetu: chumvi na sabuni upande huu, mafuta ya ngazi upande ule.

2. Uzito

Litre moja ya mafuta ya ngazi ina karibu kilo 0,9. Bidoni nne za litre 20 ni kilo 72. Tuongeze chakula, pompi, vyombo na bidoni zenyewe: tuseme kilo 80. Kinga kilo 20, mtu kilo 60. Jumla ni kilo 160, ni kusema uzito wa niutoni 1 600.

3. Nguvu ya mtu

Mtu mwenye afya anaweza kutoa karibu wati 75 muchana kutwa. Anaweza kutoa zaidi, lakini kwa dakika chache tu, kisha pumzi inakwisha. Tukumbuke: wati ni nguvu mara mwendo. Kama njia inaomba nguvu nyingi, mwendo lazima upunguke.

4. Njia kavu na njia ya matope

Udongo wetu mwekundu, ukiwa mkavu, ni mgumu na una changarawe juu. Hapo njia inashika gurudumu kidogo tu, tuseme sehemu 2 juu ya 100 za uzito: niutoni 32. Wati 75 kugawanya kwa 32, tunapata metre 2,3 kwa segonde, ao km 8 kwa saa. Kwa saa 8 za kazi ni km 64. Safari ya km 125 ni siku 2.

Sasa mvua imenyesha. Matope yanashika sehemu 10 juu ya 100. Mwenye kupanda kinga anahitaji niutoni 160, na mwendo wake unashuka chini ya km 2 kwa saa. Kwa mwendo huo kinga haisimami, inaanguka. Basi anashuka. Watu wengine wanamucheka, wanasema amechoka. Hapana, amefanya hesabu bila kalamu! Akishuka, magurudumu yanabeba kilo 100 tu, na matope yanaomba niutoni 100. Ndiyo maana wanafunga fimbo moja ku usukani na ingine nyuma ya kiti: wapate kusukuma na kuongoza pamoja. Mwendo ni km 2,7 kwa saa, siku moja ni km 21 ao 22. Safari ile ile imekuwa siku 6.

5. Mlima na mtelemko

Mlima wa metre 5 kwa kila metre 100 unaongeza niutoni 80, hata njia ikiwa kavu. Hapo pia ni kushuka na kusukuma. Lakini mtelemko ndio hatari zaidi. Kilo 160 zikishuka metre 50, nguvu ya julu 80 000 lazima iishie mahali. Inaishia ndani ya freni, na freni zinapata moto. Zikiwa na maji, zinateleza. Mwenye akili anashuka mbele ya mtelemko kuanza, hangoji katikati.

6. Tunajifunza nini?

Angalieni vizuri: mzigo haukubadilika, mtu ni yule yule, umbali ni ule ule. Maji peke yake yamegeuza siku 2 kuwa siku 6. Siku 4 za kuongeza ni chakula cha siku 4, na malala ya siku 4. Faida yote inaliwa njiani. Na mwenye kununua chumvi kijijini analipa bei ya matope.

Katika msitu, miti inafunika njia, jua haliingii, na maji yanakaa. Pahali pale miti ya kando imekatwa na mifereji imefunguliwa, njia inakauka upesi. Basi salongo ya kufungua mifereji ina faida kubwa kwa mtu wa kinga kuliko mnyororo mupya. Jembe moja linaweza kupunguza kazi ya watu mia.

Kwa hiyo, ninyi mnaotaka kwenda likizo hii, musiulize kwanza bei ya mafuta sokoni. Ulizeni wale waliofika jana: njia iko namna gani? Kungoja jua siku moja kunaweza kuwaponesha siku nne.

MASWALI

a) Mtu anabeba bidoni mbili tu, mzigo wote kilo 44. Akisukuma katika matope, atamaliza km 125 kwa siku ngapi?
b) Amepeleka litre ngapi kwa siku moja? Linganisha na yule wa bidoni nne.
c) Kama nusu ya njia ni kavu na nusu ni matope, mwenye bidoni nne atatumia siku ngapi?

Majibu yaandikwe na yaletwe kwetu kabla ya namba itakayofuata.