SOMO LA 12: MAJI YALIYO CHINI YA KITUO CHA PETROLI

Vijiji vingi kando ya barabara kuu vina kituo cha petroli. Kituo kina faida. Lakini petroli yake huwekwa katika matangi yaliyofukiwa ardhini. Chini ya matangi hayo mna maji, na maji hayo huweza kufika kisimani kwako.

Hatari iliyofichika

Tangi la chuma hushika kutu. Mabomba hulegea kwenye maungio. Petroli huvuja kidogo kidogo, na pengine mwenye kituo hajui. Huteremka katika udongo mpaka ikutane na maji. Petroli ni nyepesi, kwa hiyo huelea. Lakini sehemu yake huyeyuka na kwenda pamoja na maji.

Sehemu mbaya kupita nyingine ni benzini. Huweza kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 0.01 za benzini. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakinuki. Basi usiseme, "Maji yetu ni meupe, hayana neno." Ukingoja harufu, umechelewa.

Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, nchini Marekani, ulifunga visima vyake kadha. Dawa iliyochanganywa katika petroli ilikuwa imevuja na kuingia majini. Mji ulipoteza karibu nusu ya maji yake, ukanunua maji ya kutoka mbali.

Mashimo ya uchunguzi

Wataalamu huchimba mashimo membamba kuzunguka kituo. Katika kila shimo hutiwa bomba lenye nyufa nyembamba upande wa chini, ili maji yaingie. Upande wa juu huzibwa kwa udongo wa mfinyanzi, ili maji ya mvua yasishuke humo. Kisha hufungwa kwa kifuniko na kufuli.

Mashimo yasipungue matatu. Kwa nini? Maji ya ardhini hutembea. Wataalamu hupima kimo cha maji katika kila shimo. Maji hutoka kwenye kimo cha juu kwenda kwenye kimo cha chini. Kwa mashimo matatu hujulikana yanaelekea wapi. Shimo moja liwe upande maji yanakotoka, mengine upande yanakokwenda. Likiwa safi la kwanza, na yale mengine yana petroli, uchafu umetoka kituoni.

Kuchukua sampuli

1. Pima kwanza kimo cha maji.
2. Toa maji yaliyolala bombani. Hayo si maji halisi ya ardhini. Desturi ni kutoa mara tatu ya maji yaliyomo. Bomba la upana wa sentimita 5 lenye maji ya kina cha mita 4 lina lita 8 hivi. Basi hutolewa lita 24. Yasimwagwe ovyo, yatiwe katika pipa.
3. Anza na shimo lililo safi, umalize na lililo chafu. Badili glavu kila shimo.
4. Jaza chupa ya kioo mpaka juu kabisa, ufunge. Igeuze chini juu. Ukiona povu la hewa, chukua chupa nyingine. Benzini huingia katika hewa hiyo, na maabara itaona kidogo kuliko ilivyo kweli.
5. Andika namba ya shimo, tarehe, saa na jina la aliyechukua.
6. Weka chupa katika sanduku lenye barafu, uzipeleke maabara upesi.

Kupima mara moja hakutoshi. Wakati wa masika maji hupanda, wakati wa kiangazi hushuka. Yapimwe nyakati zote mbili.

Wajibu wetu

Tusivunje mashimo haya wala kutupa mawe ndani. Hayo ni macho yetu chini ya ardhi. Tuombe matokeo yasomwe katika mkutano wa kijiji.

Kisima kikinuka petroli, acheni kuyatumia maji yake. Msiwashe moto karibu. Msitegemee kuyachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini mvuke wa petroli ni hatari. Mwambieni mtendaji wa kijiji na bwana afya. Tanzania Bara ina mabonde 9 ya maji, na kila bonde lina bodi yake. Mtendaji aiandikie bodi ya bonde lenu barua, nanyi mbaki na nakala.

Maneno mapya

*sampuli:* kiasi kidogo cha kitu kinachochukuliwa ili kupima kitu kizima.
*maabara:* nyumba ya kupimia vitu kwa vyombo vya kitaalamu.
*kimo:* urefu wa kwenda juu.

Maswali

1. Kwa nini maji meupe huweza kuwa na sumu?
2. Kwa nini huchimbwa mashimo matatu na si moja?
3. Bomba lina lita 6 za maji. Zitolewe lita ngapi kabla ya kujaza chupa?
4. Jadilianeni: kisima chetu kiko umbali gani kutoka kituo, gereji au kiwanda kilicho karibu? Nani amewahi kuyapima maji yake?